Kwa Nini Yuko Hivyo? Mabishano Manane ya Saikolojia, Kutoka la Nane Hadi la Kwanza

Kijana akikamatwa usiku na pikipiki ya watu, hakujakucha kila kibaraza kina jibu lake. Mmoja anasema ni damu ya ukoo ule, babu yake naye alikuwa hivyohivyo. Wa pili anasema mama yake alimdekeza. Wa tatu analaumu marafiki, wa nne bangi, wa tano njaa. Wa sita, mzee asiyependa maneno mengi, anasema kijana ameamua mwenyewe, basi.

Wanasaikolojia wanabishana hayohayo tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879. Tofauti ni kwamba wao wanabishana wakiwa na panya, mapacha na mashine za kupima ubongo. Na shule zao ni watani wa jadi kama Simba na Yanga: hazipumziki, hazisameheani, na hakuna inayocheza vizuri mwenzake asipokuwepo uwanjani.

Nimeyapanga mabishano yao kwa kushuka, kutoka la nane hadi la kwanza, kwa kipimo kimoja: ni lipi linabadilisha zaidi namna tunavyomtendea mtu. Kwa sababu maelezo ya tabia hayaishii mdomoni. Ukisema ni damu, utamkatia mtu tamaa. Ukisema ni ukaidi, utachukua fimbo. Ukisema ni njaa, utapika uji. Anayeeleza kwa nini mtu yuko hivyo ameshachagua nusu ya atakayotendewa. Na kila bishano nimelipa mtani wake, maana shule isiyotaniwa huota pembe.

8. Yaliyozikwa utotoni

Sigmund Freud wa Vienna aliwaambia watu jambo la kuudhi: sababu halisi ya unachokifanya huijui hata wewe. Imezikwa kwenye tamaa ulizozikandamiza na majeraha ya utotoni, nayo hujitokeza kwenye ndoto na pale ulimi unapoteleza. Wazo hili lilitikisa dunia, lakini lilikuwa na ufa ambao mwanafalsafa Karl Popper aliuonyesha waziwazi: nadharia isiyoweza kukosea kwa namna yoyote haijawahi kupimwa.

Sehemu moja ya wazo hilo ilinusurika, na ilinusurika pale mtu alipoondoka kwenye kochi la daktari akaenda kukaa kwenye nyumba za watu. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala, akiwa amekwisha kufanya kazi London na John Bowlby, bingwa wa kuchunguza jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 za Baganda na kuwatazama watoto wachanga siku za kawaida kabisa. Aliona mtoto akitambaa mbali na mama, akigeuka kuhakikisha bado yupo, akiendelea na safari yake, kisha akirudi kumgusa kabla ya kwenda tena. Aliona pia watoto waliolia hata wakiwa mikononi. Na moja ya mambo yaliyotofautisha makundi hayo ni hili: mama aliyeweza kueleza habari za mwanawe kwa kina, anapenda nini, anaamka vipi, analia lini kwa sababu gani, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto mwenye utulivu. Kitabu cha utafiti huo kilitoka mwaka 1967, na sehemu kubwa ya utafiti wa jinsi watoto wanavyoshikamana na walezi ilijengwa juu ya yale yaliyoonekana Uganda.

Nimeliweka la nane kwa sababu likitumiwa ovyo humtwika mama lawama zote za dunia. Malezi ni ya ukoo na ya mtaa, na mama mwenye njaa na upweke naye anahitaji wa kumlea.

Mtani wao: Freud hashindwi kesi. Ukikubali, umekiri, ukikataa, umekiri zaidi.

7. Zawadi na adhabu

Mwaka 1913 Mmarekani John Watson alitangaza kwamba saikolojia iachane na habari za nafsi na ichunguze kinachoonekana tu: kichocheo kinaingia, tabia inatoka. Mwaka 1920, pamoja na Rosalie Rayner, alitoa ushahidi ambao mpaka leo unaumiza kuusoma. Mtoto wa miezi kumi na moja, waliyemwita Albert, aliwekewa panya mweupe. Hakuwa na hofu naye. Kila alipomnyooshea mkono, nyuma yake nyundo iligonga nondo ya chuma kwa kishindo. Baada ya mishindo michache, panya peke yake alitosha kumliza, na hofu ikaenea kwa sungura, mbwa na koti la manyoya. Mtoto aliondoka hospitalini bila mtu kumwondolea hofu waliyompandikiza.

Asante ziende kwa Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 alionyesha upande wa pili. Mvulana mdogo, Peter, aliogopa sungura. Jones alimpa chakula anachokipenda huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mtoto akamshika mwenyewe. Matibabu mengi ya hofu yanayofanya kazi leo ni ya ukoo wa kazi hiyo.

Kisha akaja B. F. Skinner na njiwa wake. Aligundua kwamba njiwa anayepata punje kila akidonoa huacha haraka punje zikikoma, lakini anayepata kwa kubahatisha huendelea kudonoa na kudonoa. Anayetaka kujua kwa nini kijana hauachi mkeka wa kubeti ingawa umechanika wiki nzima, jibu la kuanzia liko kwa njiwa huyo. Tatizo si upumbavu wa kijana. Mashine imepangwa imlipe kwa kubahatisha, na aliyeipanga anajua anachofanya.

Mtani wao: Watson alisema fikra hazina nafasi kwenye sayansi, na alifikiri sana kabla ya kuliandika hilo.

6. Kinachopita kichwani

Panya walewale waliowapa ushindi watu wa zawadi na adhabu ndio waliowasaliti. Mwaka 1930 Edward Tolman na mwenzake Honzik, huko California, waliwaacha panya wazurure kwenye njia za mzingile bila chakula chochote. Baada ya siku kadhaa wakaweka chakula mwisho wa njia. Kesho yake panya hao walikimbia moja kwa moja, sawa na wale waliokuwa wakilishwa tangu mwanzo. Kumbe walikuwa wakijifunza bila kulipwa. Walikuwa na ramani kichwani.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1959. Noam Chomsky alikihakiki kitabu cha Skinner kuhusu lugha, akaonyesha kwamba mtoto husema sentensi ambazo hajawahi kuzisikia wala kutuzwa kwa ajili yake. Mtoto wa miaka mitatu wa Tanga hajapewa pipi kwa kila kiambishi cha ngeli, lakini atakwambia viatu vyake vimelowa, na hakosei hata kimoja. Kitu kinafanya kazi ndani, na shule ya utambuzi ilizaliwa ili kukichunguza: kumbukumbu, usikivu, lugha, uamuzi.

Kazi ya shule hii inayopaswa kubandikwa ukutani kwenye kila kituo cha polisi ni ya Elizabeth Loftus na John Palmer, mwaka 1974. Wanafunzi walionyeshwa filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipogongana. Wengine waliulizwa yalikuwa na mwendo gani yalipopondana. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye kundi la kugongana, 7 kati ya 50 walisema waliviona. Kwenye kundi la kupondana, 16 kati ya 50. Filamu haikuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kitenzi kimoja cha muulizaji kilipanda kumbukumbu kwenye kichwa cha shahidi mkweli.

Basi mzazi anayemuuliza mtoto "Ulimpiga kwa nini?" na yule anayeuliza "Ilikuwaje?" hawatapata hadithi moja. Na shahidi aliyekosea si lazima awe mwongo.

Mtani wao: Wamemgeuza mtu kompyuta. Mbona kompyuta haijawahi kuangua kilio msibani?

5. Yote ni ubongo?

Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, msimamizi wa ujenzi wa reli Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba. Baruti ikalipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa karibu kilo sita ukaingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Alipona. Waliomfahamu walisema mtu aliyekuwa mwerevu na mwenye mipango amekuwa mtovu wa adabu na asiyetabirika. Vitabu vingi huishia hapo: ubongo ukiharibika, tabia imekwisha. Sehemu inayosahaulika ni kwamba baadaye Gage alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi inayodai subira, ratiba na kukaa vizuri na abiria. Ubongo uliojeruhiwa ulipata kazi na utaratibu, na mtu akajikusanya tena.

Naye Henry Molaison, mwaka 1953, alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu hapo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku Molaison aliapa kwamba hajawahi kuifanya kazi hiyo, na kila siku mkono wake uliifanya vizuri zaidi. Mkono ulikumbuka alichosahau mwenyewe. Kumbukumbu, kumbe, si kitu kimoja.

Maelezo ya ubongo yameokoa watu. Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mnorwei Louise Jilek-Aall aliwakuta wagonjwa wa kifafa wakitengwa kwa hofu kwamba kinaambukiza, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia motoni. Alianzisha kliniki na kuwapa dawa ya fenobabitoni. Kusema "hili ni tatizo la ubongo, lina dawa" kulimrudisha mtu kwenye mkeka wa kula na wenzake. Ila ubongo unaishi ndani ya mtu, na mtu anaishi mahali. Kidonge bila mkeka ni nusu ya tiba.

Mtani wao: Ukiuliza kwa nini Asha ameolewa, usikubali kuonyeshwa picha ya ubongo. Uliza ile barua ya posa.

4. Hiari ipo au haipo?

Mwaka 1983 Benjamin Libet aliwataka watu wakunje kifundo cha mkono wakati wowote wanapojisikia, na waseme ni saa ngapi hasa walipopata nia hiyo. Mashine ilionyesha ubongo ukianza kujiandaa karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Nia yenyewe, kwa kauli zao, ilikuja yapata theluthi mbili ya njia, sehemu ya tano ya sekunde tu kabla ya tendo. Wengi wakatangaza kifo cha hiari. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake wakaja na maelezo mengine: huenda huko kujiandaa kwa mwanzo ni kupandashuka kwa kawaida kwa ubongo, kunakofika kikomo kwa bahati, wala si uamuzi uliofichwa.

Mzozo haujapoa. Mwaka 2023 Robert Sapolsky alitoa kitabu kizima kusema hiari haipo hata punje. Mwaka huohuo Kevin Mitchell, mtaalamu wa jeni wa Dublin, akatoa kingine kusema viumbe vimejengewa uwezo wa kuchagua, na binadamu kuliko wote. Kabla yao, mwaka 1956, Skinner na Carl Rogers walikabana kuhusu jambo hilohilo: Skinner akisema kila mtu anaongozwa na mazingira, kwa hiyo yapangwe vizuri, Rogers akisema mtu akisikilizwa kwa heshima huchagua kukua.

Mimi nasimama hapa: hiari ni ya viwango. Njaa huipunguza, kukosa usingizi huipunguza, heroini huikaba koo. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikiwapa methadoni waliotekwa na heroini. Mtu anafika, anapewa dozi yake, anainywa mbele ya mhudumu, anaondoka kwenda kutafuta riziki. Kesho anarudi. Dawa inamtambua kuwa ni mgonjwa. Miguu inayomrudisha kila siku inamtambua kuwa ni mtu mwenye uamuzi. Aliyemwita mhuni tu alikosa jambo la kwanza. Anayemwita mgonjwa tu anakosa la pili.

Mtani wao: Asiyeamini hiari mkanyage mguu. Utasikia: "Umefanya makusudi!"

3. Asili au malezi?

Wahenga wetu walilibishania hili kabla ya maabara kuzaliwa. Mmoja alisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwingine akasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wote wawili tunawanukuu, kutegemea mtoto ni wa nani.

Francis Galton, Mwingereza aliyelipa bishano hili sura yake ya kisasa mwaka 1874, alikuwa wa kwanza kuwaona mapacha kama ufunguo. Kuanzia 1979, Thomas Bouchard wa Minnesota aliwatafuta mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga na kulelewa nyumba tofauti, akawakuta wakifanana kwa mengi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2015 Tinca Polderman na wenzake walikusanya tafiti za mapacha za nusu karne, zaidi ya jozi milioni 14, na wastani wa urithi kwa sifa zote ukatoka asilimia 49.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Asilimia hiyo haisemi kwamba nusu yako ni ya baba na mama na nusu nyingine ni ya shule. Inasema kwamba, kwenye kundi lililopimwa, karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu zinaendana na tofauti za jeni. Badilisha kundi au mazingira, na namba hubadilika. Wala kurithiwa si kufungiwa. Kuna ugonjwa unaoitwa fenilketonuria: ni wa kurithi kabisa, na ukiachwa huharibu akili ya mtoto. Lakini mtoto akigunduliwa siku za mwanzo na kupewa chakula maalumu, anakua na akili timamu. Jeni ni ileile. Sahani ndiyo iliyobadilika.

Anayetaka ushahidi wa hapa nyumbani aende Maasai Mara. Sapolsky, yuleyule asiyeamini hiari, aliwafuata nyani wa huko kwa miongo. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja, waliozoea kwenda kugombania makombo kwenye jalala la hoteli ya watalii, walikufa kwa kifua kikuu kilichotoka kwenye nyama. Wakabaki majike na madume wapole. Ugomvi ukapungua, kuchambuana manyoya kukaongezeka. Miaka kumi baadaye madume wote wa zamani walikuwa wameondoka na nafasi zao kushikwa na wageni kutoka makundi mengine, kwa kuwa dume wa nyani akibalehe huhama. Wageni hao nao wakajifunza upole wa mahali pale. Kama nyani anaweza kukaribishwa kwenye adabu mpya, sioni sababu ya kumwambia kijana wa Form Two kwamba ukorofi uko kwenye damu yao.

Mtani wao: Mtoto akifaulu, amerithi upande wetu. Akifeli, ni malezi ya upande ule.

2. Ni mtu au ni mahali alipo?

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio ambalo kila mhubiri angelijua, pengine tungeanza ibada mapema. Wanafunzi wa uchungaji wa Princeton waliambiwa waende jengo jingine kutoa hotuba fupi. Baadhi yao hotuba yenyewe ilihusu Msamaria Mwema. Njiani, kwenye kichochoro, alikuwapo mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Watafiti hawakubadilisha imani ya wanafunzi, walibadilisha saa. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kusaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kubeba hotuba ya Msamaria Mwema kichwani hakukuleta tofauti kubwa.

Stanley Milgram wa Yale alikuwa ameshatutisha kabla ya hapo. Kwenye taarifa yake ya mwaka 1963, wanaume 40 wa kawaida waliambiwa wampige mwanafunzi shoti za umeme kila akikosea, kuanzia volti 15 kwenda juu. Shoti hazikuwa za kweli, ila wao hawakujua. Wanaume 26 walifika mwisho, volti 450, wakitoka jasho, wakitetemeka, wakiomba ruhusa ya kuacha. Watu hukumbuka hapo tu na kusema binadamu ni mbaya. Wangesoma jaribio jingine katika mfululizo huohuo: pale washiriki wenza wawili walipogoma waziwazi, waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Wagomaji wawili walitosha kuwafungulia wengi mlango. Hilo ndilo somo ninalotaka lifundishwe mashuleni.

Walter Mischel alilifanya hili kuwa vita rasmi mwaka 1968, aliposema vipimo vya haiba havibashiri vizuri mtu atafanya nini siku fulani mahali fulani. Waliokuja baadaye walijibu kwa haki: siku moja haitabiriki, lakini ukimtazama mtu kwa miezi, haiba yake inaonekana. Pande zote mbili zina ukweli wao, na tofauti ni swali linaloulizwa. Ukitaka kujua mtu ni nani, mtazame muda mrefu. Ukitaka kujua kwa nini alikosea leo asubuhi, anza kwa kuuliza alikuwa anakimbizwa na nini.

Mtani wao: Kama mahali ndiyo kila kitu, mbona foleni ni ileile, dereva mmoja anatukana na mwenzake anawachekesha abiria?

1. Ni nani aliyepimwa?

La kwanza linayatikisa yote saba. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alihesabu watu waliochunguzwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani: asilimia 96 walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake wakaonyesha kwamba watu hao, kwa mambo mengi, ni wa pekee sana. Kitabu kimeandikwa "binadamu" juu, ndani yake ni kundi moja.

Chukua jaribio maarufu la pipi la Mischel: mtoto anawekewa tamu mezani, anaambiwa akisubiri atapata ya pili. Kwa miaka ilisemwa anayesubiri atafaulu maishani. Mwaka 2018 utafiti mkubwa zaidi wa Marekani ulionyesha uhusiano huo ukinywea sana hali ya familia ikihesabiwa. Mwaka huohuo Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya watoto wa miaka minne wa Nso, Kameruni, waliowekewa andazi la kwao. Karibu asilimia 70 walisubiri. Watoto wa Kijerumani, asilimia 28. Wengi wa watoto wa Nso walikaa kimya, bila kuhangaika. Walilelewa kutulia mbele ya mkubwa, na siku hiyo malezi hayo yaliwalipa andazi la pili.

Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Manchester walishinda. Kwa waya, Lusaka walishinda, maana wamekua wakitengeneza magari ya waya. Kwa udongo, walitoka sare. Ukichagua kalamu, umemchagua na mwerevu. Na huko Usenge, kando ya Ziwa Viktoria nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto ujuzi wa dawa za miti za magonjwa ya kwao. Waliojua dawa vizuri hawakuwa ndio waliong'ara kwenye mitihani ya shule. Mwelekeo ulikuwa kinyume. Watoto hao hawakukosa akili. Muda wao ulikuwa umewekezwa mahali ambapo mtihani hauulizi.

Kuna gharama kubwa zaidi ya alama za mtihani. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, akimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau, akiwaeleza wapiganaji kama watu walioyumbishwa akili na mabadiliko ya kisasa. Watu walikuwa wanasema wanataka ardhi na uhuru. Kwa maelezo kama hayo, hakuna aliyelazimika kuwasikiliza.

Linganisha na yaliyotokea kwa Waorma wa Kenya. Watafiti waliwaletea mchezo wa fedha ambapo kila mtu anachangia mfuko wa wote kadiri apendavyo. Waorma wakautazama, wakaupa jina papo hapo: huu ni mchezo wa harambee. Kwa jina hilo waliwaeleza wageni kile ambacho hesabu zao zisingeonyesha, kwamba mtu pale mezani alikuwa akikumbuka michango ya shule na ya jirani yake.

Mtani wao: Wanafunzi wa chuo wa Marekani wamejibu kwa niaba ya binadamu wote. Sisi wengine, kura ilipigwa lini?

Nani kashinda?

Hakuna shule iliyotwaa kombe, na si kwa sababu ukweli hauna mwenyewe. Kila moja imeshika swali lake. Mwalimu mwenye mwanafunzi asiyesikia la mtu anaweza kuyauliza yote kwa juma moja: amekula, amelala, anaona ubao, anasikia vizuri? Ni nini humtokea akikosea, na nini akipatia? Nani humshika akilia? Hapa darasani kuna nini kinachomkimbiza? Kipimo ninachompimia kimetengenezwa kwa ajili ya nani?

Na liongezwe la mwisho, ambalo Watson hakuliuliza, Carothers hakuliuliza, na vibaraza vyetu haviliulizi: yeye mwenyewe anasemaje? Ainsworth alijua aliyoyajua kwa sababu akina mama wa Kiganda walimsimulia. Jina la harambee lilitoka kwa waliokuwa wakichunguzwa. Mtu si lazima awe sahihi kuhusu nafsi yake. Freud, Libet na Loftus wametuonyesha jinsi anavyoweza kukosea. Lakini maelezo yaliyoandaliwa bila kumuuliza yana pengo ambalo hakuna mashine inayoliziba, na adhabu itakayotokana nayo ataibeba yeye, si aliyeyatoa. Kwa hiyo kabla hatujasema ni damu, ni mama, ni bangi au ni ukaidi, tumuulize, kisha tunyamaze muda wa kutosha ajibu.